Bisi za jioni zisizojaa mafuta: ninavyozipika hapa Tanga

Huku kwetu Ngamiani ikishafika saa kumi na moja jioni njaa inakuja na harufu. Kona hii bajia, kona ile kachori, mbele kidogo mihogo ya kukaanga na chachandu yake, na kila anayepita na baiskeli amening'iniza kifuko kwenye usukani. Mimi navipenda vyote hivyo tangu mdogo, sitaki kudanganya mtu. Ila mwaka jana mama yangu katoka kliniki ya presha kaambiwa na nesi apunguze vya kukaanga, apunguze chumvi, na uzito nao ushuke kidogo, basi karudi nyumbani kakaa kwenye mkeka kaniuliza, "Haya mwanangu, na huu mkandaa wangu wa jioni niunywe na nini?"

Swali hilo la mkandaa, yani chai ya rangi, lilinikaa sana. Maana ukimwambia mtu mzima aliyekunywa chai na kitafunwa miaka sitini kuwa kuanzia leo anywe chai tupu, atakuitikia tu kwa heshima halafu akitoka nje atanunua bajia. Lazima umpe kitu cha kutafuna, kiwe na mlio, kiwe na chumvichumvi, kijaze bakuli. Ndo nikarudi kwenye bisi, na tangu hapo sijaacha, nimeshaunguza sana na nimeshapata nyingi zilizolegea kama kitambaa kwa hiyo ninachokueleza hapa nimekipika kwa mikono yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo kalori. Kikombe kimoja cha bisi zilizopasuliwa kavu bila mafuta kina kalori kama 30 hivi. Vikombe vitatu, ambavyo ni bakuli la kushiba kabisa, havifiki 100. Sasa chukua karanga za kukaanga konzi moja tu ya gramu 30, hiyo ina kama 170, na konzi ya karanga unaimaliza hata hujakaa chini. Lakini usije ukadhani mahindi ya bisi yana uchawi, gramu 100 za bisi kavu zina kalori karibu 390, yani zipo kulekule kwenye nafaka nyingine kavu. Kinachokusaidia ni ule ujazo, punje ikipasuka inaumuka mara nyingi ya ukubwa wake, kwa hiyo unakula kitu chepesi kinachojaza bakuli na kinachokuchukua muda kutafuna. Halafu ni nafaka nzima na ganda lake, haijakobolewa, vikombe vitatu vinakupa nyuzinyuzi kama gramu 3 na nusu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Ugali wetu wa sembe huko kwenye nyuzinyuzi hautusaidii sana, na wengi tunakosa choo tunatafuta dawa.

Sasa ubaya unaingia wapi? Unaingia kwenye mafuta, sukari na chumvi tunazomwagia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, mafuta yoyote yale, ya nazi, ya alizeti, hata yawe ya bei gani. Ukimimina mafuta kwa macho kama unakaanga samaki, bisi zako zinakuwa ndugu wa bajia, hakuna ulichookoa. Kwa hiyo mwongozo wote huu mzizi wake ni kupima mafuta kwa kijiko kidogo, na kujua namna ya kuzifanya bisi ziwe kavu na tamu hata hivyo.

Mahindi yenyewe

Mahindi ya bisi ni aina yake. Nasema hivi kwa sababu jirani yangu alichukua mahindi ya ugali akayaweka sufuriani akangoja, akapata mahindi ya kukaanga, matamu kweli ukiwa na meno, ila siyo bisi. Mahindi ya bisi punje zake ni ndogo, nyingi mviringo, ngumu, ganda linang'aa kama limepakwa mafuta. Ganda hilo ndilo kazi yote. Ndani ya punje kuna maji kidogo, kama asilimia 14 ya uzito wake, punje ikipata moto maji yanageuka mvuke, ganda linaubana ule mvuke usitoke, ndani wanga unalainika kama uji mzito, presha inapanda mpaka ganda linashindwa, pa! ule uji unafutuka na kukauka hapohapo unakuwa povu jeupe tunalokula. Mwaka 2015 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walitoa kazi yao wakaonyesha kuwa joto lenyewe la kupasuka ni kama nyuzi 180 za sentigredi, na kwamba ule mlio hautokani na ganda kuvunjika, ni mvuke unaochomoka. Mimi nikisoma vitu kama hivi nafurahi kwa sababu vinanieleza kwa nini sufuria yangu ya juzi iligoma.

Maana ukishaelewa habari ya maji umeelewa kila kitu. Punje ikiwa kavu kupita kiasi hakuna mvuke wa kutosha, haipasuki. Ikiwa na unyevu mwingi inapasuka mapema na inatoka ndogo, ngumu, ya kutafunika kama mpira. Ganda likiwa na ufa, au limetobolewa na mdudu, mvuke unatokea pembeni na punje inabaki inaungua tu. Kwa hiyo ukienda kununua, mimi naendaga Mgandini kwa wauza nafaka, chota kiganjani uangalie. Kataa yenye vitobo vya fukusi na vumbi lake jeupe. Kataa yaliyovunjikavunjika. Kataa kabisa yenye harufu ya uvundo au rangi ya kijanikijani ya ukungu, na hili usilichukulie kirahisi, sumukuvu, yani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika, mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumu hiyo. Na ukiona mahindi yamepakwa rangi ya waridi au nyekundu kama unga umeganda juu yake, hiyo ni mbegu ya kupanda imetiwa dawa, sio ya kuliwa hata uioshe mara kumi.

Ukifika nayo nyumbani usiyaache kwenye kile kifuko. Tanga yetu hewa ina maji, chumvi ya mezani yenyewe inalowa wakati wa masika, na mahindi nayo hivyohivyo. Tia kwenye chupa ya kioo au ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, weka kabatini mbali na jiko. Wanaosema weka kwenye friji mimi siwafuati, friji inakausha punje.

Na kama umenunua yakawa makavu mno, yani unapika nusu yake inabaki chini haijapasuka, usiyatupe. Chukua nusu kilo tia kwenye chupa, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maji safi, funga, tikisa, acha dakika kumi tikisa tena, endelea mpaka uone maji yamenyonywa yote chini hamna kitu. Acha siku tatu imefungwa. Siku ya nne pika kidogo ujaribu. Mimi hii iliniokolea mfuko mzima ambao nilikuwa nishaukatia tamaa.

Vya kuandaa

Kwa watu wawili: mahindi ya bisi vijiko vikubwa vitatu, mafuta kijiko kidogo cha chai kimoja, chumvi robo ya kijiko cha chai na hata pungufu. Basi. Hapo utapata vikombe vitano mpaka sita vya bisi, jumla kalori kama 200, mkigawana kila mtu 100 na mkandaa wake pembeni.

Sufuria iwe nzito chini, na iwe kubwa, usione vijiko vitatu ukachukua kisufuria cha kuchemshia maziwa, zitainua mfuniko zikutoke jikoni. Mimi natumia ya lita nne. Mfuniko uwe unaokaa vizuri. Sinia pana au ungo uwe tayari pembeni kabla hujawasha moto, kwa sababu mwisho mambo yanakwenda haraka.

Kuhusu mafuta. Sisi watu wa pwani mkono unakwenda kwenye nazi wenyewe, na harufu yake kwenye bisi ni nzuri jamani. Ila mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yanaanza kutoa moshi karibu na joto lilelile la kupasukia bisi, kwa hiyo moto ukiwa mkali unapata bisi zenye ladha ya moshi. Na yale ya alizeti ya kukamua ambayo hayajasafishwa, yale mazito ya rangi iliyokolea, yanawahi kuungua zaidi ya hapo. Kama jiko lako ni la mkaa na bado hujalizoea tumia mafuta yaliyosafishwa kwanza, mkono ukishatulia ndo uhamie kwenye nazi.

Kupika

Hatua ya kwanza, moto. Jiko la gesi weka katikati. Jiko la mkaa hapa ndo wengi tunapoharibu, mkaa ukiwa umekolea mwekundu wote ule ni wa kupikia wali sio bisi, subiri upungue au ufunike na majivu kidogo, uweke kiganja juu kama shibiri moja, uweze kuvumilia sekunde tatu nne kabla ya kutoa mkono. Hapo pako sawa.

Hatua ya pili, tia kile kijiko kidogo cha mafuta, zungusha sufuria mafuta yatambae chini kote, halafu tia punje tatu tu. Tatu za kujaribia. Funika usubiri. Zikipasuka zote tatu mafuta yako tayari, zitoe.

Hatua ya tatu ni ile ambayo sikuijua miaka yote na ndo iliyobadilisha bisi zangu. Tia mahindi yote yaliyobaki, tikisa yapakwe mafuta, halafu epua sufuria, iweke chini, funika, hesabu mpaka thelathini taratibu. Unaona ajabu eti, unaepua kitu ambacho hakijapikika? Sababu yake ni kwamba zile punje zinapata joto pamoja, hakuna iliyotangulia, ukirudisha jikoni zinapasuka zote kwa wakati mmoja na zinazobaki chini zinakuwa chache sana. Ukiziacha jikoni moja kwa moja zile za kwanza zinapasuka zinaanza kuungua huku nyingine ndo kwanza zinapata moto.

Hatua ya nne, rudisha jikoni. Zikianza kulia shika sufuria kwa kitambaa pande zote mbili, mfuniko umeubana na dole gumba, tikisa huku na huku. Zile mashine za kioo tunazoziona barabarani zina chuma kinachozunguka chini kinakoroga mahindi wakati wote, jamaa mmoja wa Chicago anaitwa Charles Cretors alionyesha mashine yake ya bisi kwenye maonyesho makubwa ya dunia mwaka 1893 na kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kila punje ipate moto sawa na mwenzake. Wewe mashine yako ni mikono. Kwenye mkaa nainua sufuria kidogo juu ya jiko wakati natikisa, moto usishike sehemu moja.

Na hapohapo fungua mfuniko kidogo sana upande usiokuelekea usoni, upenyo mdogo tu wa mvuke kupita. Hili usilisahau. Mvuke unaotoka kwenye punje ukibaki ndani unazirudia bisi zinalegea, na kwa hali yetu ya hewa zikishalegea zimelegea. Watu wanalalamika bisi za nyumbani hazina mlio kama za dukani wanadhani ni mahindi, kumbe walifunika gubigubi.

Hatua ya tano, sikiliza. Mlio utakuwa kama mvua ya bati, halafu utapungua, ukishahesabu sekunde mbili tatu kati ya mlio na mlio epua mara moja. Usisubiri punje ya mwisho, ukiisubiri utaunguza nyingine mia. Mwaga zote kwenye sinia hapohapo, zitandaze, ziache dakika mbili zipumue.

Wanaotaka bila mafuta kabisa, kama mama yangu wiki zile za mwanzo, inawezekana. Sufuria nzito, punje vijiko viwili tu zikae safu moja zisipandane, moto mdogo zaidi, na hapa kutikisa hakuna kupumzika hata kidogo tangu mwanzo mpaka mwisho. Zitaungua chache, zitoe. Usitumie kikaango kile cheusi kisichoshika chakula, vile havitakiwi kupashwa moto vikiwa vikavu bila kitu. Kwa maoni yangu lakini hicho kijiko kidogo cha mafuta kinafaa kubaki, ni kalori 40 kwa watu wawili, na kinasaidia chumvi na viungo kushika, maana bisi kavu kabisa unamwagia chumvi inateremka yote chini ya bakuli halafu unaongeza nyingine.

Wenye maikrowevu watie vijiko vitatu kwenye mfuko wa kaki mpya usio na pini wala maandishi, ukunje mdomo mara mbili, dakika mbili hivi mpaka mlio upungue. Zile za paketi za dukani zenye siagi na ladha tayari mimi sizinunui, ukisoma nyuma mafuta na chumvi ni vingi. Na ile harufu ya siagi ya kutengeneza iliyokuwa na kemikali ya dayasetili, mwaka 2000 ndo ilianza kugundulika kule Missouri Marekani kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi walioivuta kila siku waliharibika mapafu. Mlaji hapati kiwango kama cha yule mfanyakazi wa kiwandani, ila siagi yetu ya kweli kijiko nusu itatosha ukiitamani.

Chumvi na viungo

Hapa ndo pananifurahisha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chumvi isage. Chukua chumvi ya kawaida tia kwenye kinu kidogo cha kitunguu thaumu, twanga mpaka iwe laini kama unga. Chumvi laini inashika kila bisi, ulimi unaisikia mapema, kwa hiyo unatumia kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, hiyo ni kama kijiko cha chai kimoja kwa vyakula vyote, mchuzi umo, samaki wa ng'onda umo. Robo kijiko ile niliyokupa ni gramu moja na nusu hivi na mnagawana wawili. Kwa mama mimi naweka nusu ya hiyo, pengo lililobaki naliziba kwa vitu vingine.

Vitu vyenyewe ndo hivi. Pilipili manga, na sisi Tanga tumebarikiwa, zinatoka juu hapo Muheza milima ya Amani, pamoja na iliki na mdalasini, saga papo hapo usinunue iliyosagwa imeshakufa harufu. Bizari nyembamba, ikaange kavu dakika moja mpaka inukie uisage, hii ukichanganya na pilipili ya unga kidogo unapata bisi zinazonukia kama pilau, wageni wakija wanauliza umetia nini.

Ila nachokipenda kupita vyote ni unga wa ubuyu. Sio ule ubuyu wa sukari na rangi nyekundu, nasema ule unga mweupe mkavu unaokwanguliwa kwenye mbegu. Una uchachu kama wa ndimu, na kwa kuwa ni mkavu haulowanishi bisi. Ndimu yenyewe niliijaribu, nilikamua juu ya bisi zikasinyaa zote mbele ya macho yangu kama zimepigwa na mvua. Unga wa ubuyu nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga chembe, chumvi chembe, tikisa pamoja. Uchachu unafanya ulimi usidai chumvi, hii nimeiona kwa mama mwenyewe, zamani alikuwa anaomba aongezewe chumvi sasa hivi anaomba ubuyu. Ukikosa ubuyu kwaruza ganda la nje la ndimu, lile la kijani tu, likauke kidogo juani, utumie.

Viungo vyote tia bisi zikiwa bado za moto kwenye sinia, nyunyiza kutoka juu kidogo, pindua kwa mikono miwili, nyunyiza tena. Usivitie kwenye mafuta mwanzoni, vitaungua vyote viwe vichungu.

Wa kupenda utamu nawaelewa, kuna watoto ndani ya nyumba. Sukari kijiko kidogo cha chai ni kalori 16, kwa hiyo kijiko kimoja kilichosagwa na iliki na mdalasini kwenye sufuria nzima hakina shida kubwa. Isage hiyo sukari na iliki pamoja, ndo siri yake, harufu ya iliki inakudanganya unaona tamu zaidi. Ila zile za kuchemsha sukari igande juu ya bisi, za nyekundu na za kahawia, hizo ziite pipi, uzile siku ya sikukuu kama unavyokula kashata. Na vijana wanaouza bisi mtaani siwasemi vibaya, wanatafuta riziki, ukinunua kwao mwombe zile za chumvi na umuulize kama anaweza kukuwekea kabla hajanyunyiza hiyo chumvi.

Kugawa na kuweka

Usilie kwenye sufuria wala kwenye sinia. Chukua bakuli, pima vikombe vitatu, nyingine zifungie. Bisi ni nyepesi na mkono una tabia ya kurudi wenyewe hasa ukiwa na simu, unastukia umefika chini. Na pamoja na wepesi wake bado ni wanga, mwenye sukari azihesabu, kikombe kimoja kina wanga kama gramu 6, kwa hiyo vikombe vitatu ni kama 18, asile juu ya chapati akasema bisi hazina kitu. Ukitaka zikushikilie mpaka chakula cha usiku changanya na karanga kidogo sana, kama kumi na tano hivi za kuhesabu, zitakupa protini na mafuta na njaa itachelewa kurudi.

Kuhifadhi, subiri zipoe kabisa kabisa, zikifungwa na joto zinatoa jasho. Kopo la mfuniko wa kubana, siku mbili tatu zinakuwa nzuri, wakati wa kusi hewa ikiwa kavu kidogo hata nne. Wakati wa masika mimi sipiki za kuweka, napika za kuliwa leo. Zikilegea pasha sufuria kavu moto mdogo sana, zitie, koroga dakika mbili tatu, zitandaze zipoe, mlio unarudi. Kazini nabeba kwenye kopo dogo la plastiki lililokuwa la siagi, na Jumapili tukienda Raskazone kukaa ufukweni na watoto nabeba kopo kubwa, tunapita kwenye chipsi na roho zetu zimetulia kidogo.

Wa kuwa nao makini

Mtoto chini ya miaka minne asipewe bisi. Sio kidogo, asipewe kabisa, punje au ganda linaingia kwenye njia ya hewa na kupaliwa kwake ni kubaya. Najua shangazi watasema sisi tulikula tukakua, mwache aseme, wewe mpe mtoto ndizi mbivu. Hata mkubwa kidogo ale amekaa, asikimbie nazo mdomoni.

Watu wazima wa meno ya bandia au fizi mbovu wale taratibu, yale maganda membamba ya kahawia yanapenda kujificha kati ya jino na fizi, siku ya pili pamevimba. Baada ya kula mama anasukutua maji halafu anapitisha mswaki laini. Na zile punje zilizobaki chini hazijapasuka usizitafune hata kama zimekaangika zinavutia, ni ngumu, zinapasua jino. Aliyeambiwa na daktari apunguze vyakula vya makapi kwa sababu ya tumbo amuulize daktari wake kwanza. Na maji unywe, nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo badala ya kukifungua.

Sasa usafi, maana watu wanaungulia hapa. Ukimaliza sufuria isubiri ipoe, ifute na karatasi mafuta yatoke, osha, halafu ikaushe mpaka chini. Ukitaka kupika raundi ya pili hakikisha hamna hata tone, tone la maji kwenye mafuta ya moto linaruka usoni. Mimi raundi ya pili siioshi, naipangusa tu na kutia kijiko kingine kidogo cha mafuta, kwa sababu mama siku hizi anaalika wenzake wawili jioni, wanakuja na vikombe vyao, na vijiko vitatu vya mahindi havitoshi tena.